Goti Lisilosalimia

Kitu cha kwanza ambacho Prof alitukataza ni kusema "iko muzuri". Hapa Lubumbashi maneno hayo tunayamwaga kila mahali. Mtu ametoka kuzika, unamuuliza habari, anajibu iko muzuri. Upepo umeng'oa mabati ya nyumba, iko muzuri. Prof hakutaka kuyasikia ndani ya bloc, yaani chumba chetu cha upasuaji, mpaka goti liwe limejaribiwa likiwa limenyooka, likiwa limekunjwa nusu, na likiwa limekunjwa hadi mwisho wake. Msaidizi akijisahau na kuyasema mapema, Prof alisimamisha kila kitu, akakusanya mikono yake yenye glavu kifuani, akamtazama juu ya miwani.

"Nani amesema iko muzuri? Ni weye njo utamubeba huyu mama siku goti itatoka mu soko?"

Tukaanza kupima upya.

Nilifanya naye kazi miaka mingi, kwanza kama mwanafunzi, halafu msaidizi, halafu daktari mwenzake, ingawa neno "mwenzangu" sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Aliniita Mademoiselle. Niliolewa, nikazaa, mtoto wangu wa kwanza akaingia chuo kikuu, bado mimi ni Mademoiselle. Wauguzi walimwita Prof, wagonjwa walimwita Papa Dokta, na mke wake akiwa na hasira alisema "huyu profesa yenu". Mimi nitamwita Prof tu. Hangependa jina lake litajwe karibu na mambo nitakayoyasema, kwa sababu ni mambo ya goti lake mwenyewe, na goti hilo lilimshinda. Nilimpenda, na mpaka leo nikimfikiria hasira inanipanda. Vyote viwili vinakaa humu ndani na sijui nitavitenganisha vipi.

Kazi yake ilikuwa kurudia. Kuweka goti la chuma mara ya kwanza, alisema, mtu yeyote mwenye mkono uliotulia anaweza. Alikuwa anatia chumvi, lakini si sana. Yeye alipokea yale yaliyoshindikana. Watu walifanyiwa upasuaji mbali, au hapa hapa, wakarudi nyumbani na furaha, halafu baada ya muda goti likaanza kucheza. Wakishuka ngazi, linawatoka. Wakiinuka kwenye kiti, linawatupa pembeni. Jioni limevimba, limejaa maji. Kulifungua tena goti kama hilo, kung'oa chuma cha zamani na kuweka kingine, ndiyo kazi aliyoifanya kuliko mtu yeyote niliyemfahamu. Na sehemu ngumu, alituambia, haikuwa kisu, ilikuwa kuchagua kile cha kuweka.

Mfukoni mwa koti lake jeupe alibeba bawaba ya mlango. Aliing'oa nyumbani kwake, kwenye mlango wa stoo, siku alipokosa mfano wa kuwaonyesha wanafunzi, na hakuirudisha. Miaka yote hiyo mke wake aliufunga mlango ule kwa kamba ya kiatu. Kila mwaka, mbele ya wanafunzi wapya, Prof aliitoa bawaba hiyo, charnière kwa Kifaransa chake, na kuiweka mezani, halafu akaanza kueleza. Kuna goti lenye kigingi kidogo katikati. Hilo linategemea kano, zile kamba mbili za pembeni zinazoshikilia mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Kamba zikiwa nzima, kigingi kidogo kinatosha. Kuna goti lenye kigingi kinene na kirefu, la mtu ambaye kamba zake zimelegea lakini bado zipo. Halafu kuna goti la bawaba, ambalo paja na muundi vinafungwa pamoja kwa chuma, kwa mtu ambaye kamba zake zimekwisha.

Lazima mwanafunzi mmoja aulize kwa nini basi tusimpe kila mtu bawaba, maana hiyo haitoki. Prof alilingoja swali hilo kama mtoto anavyongoja sukari.

"Mulango ya ku nyumba yenu, munaifunga na nguvu kila siku, miaka na miaka. Mwisho nini inaharibika? Charnière?"

"Hapana, Prof. Ni mbao."

"Voilà. Chuma haichoke. Mbao njo inachoka. Na mbao ya hapa ni mufupa ya muntu."

Alikuwa na maana hii: ile nguvu ya kulizuia goti lisiyumbe haipotei hewani. Inashuka kwenye shina refu la chuma, inaingia kwenye mfupa, inautikisa kidogo kidogo kwa kila hatua, mpaka siku moja shina linalegea humo ndani. Hapo unapaswa kufungua tena, na safari hii mfupa uliobaki ni kidogo. Kwa hiyo alitupatia sheria moja, nasi tuliirudia mpaka tukaiota: "Patia muntu nguvu yenye anakosa, usimupatie zaidi." Na ya pili iliifuata palepale. Hata kama umechagua kigingi, sanduku la bawaba liwe limefika, likae kwenye korido, hata lisipofunguliwa, kwa sababu goti ukishalifungua linaweza kukuonyesha jambo ambalo hukulitazamia.

Ni lazima nieleze habari ya masanduku. Hospitali yetu haikuwa na stoo ya magoti. Tuliyaazima nje ya nchi. Kila aina ilikuja ndani ya sanduku lake, na vyombo vyake, ikakaa kwetu muda mfupi, ikarudi. Bawaba iliombwa mbali zaidi, na mapema zaidi. Ukikosea kuomba, sanduku lenye kitu unachokihitaji liko nchi nyingine na mgonjwa wako amelala mbele yako mguu wazi. Prof hakuwahi kukosea. Alipiga simu mwenyewe, kwa Kiingereza chake kibaya, akirudia kila neno, na hakukata simu mpaka yule wa upande wa pili amerudia pia.

Sasa niseme namna alivyojua kama kamba zipo au hazipo. Wengi wetu tulianza na picha za radio, yaani eksirei. Yeye picha alizitazama mwisho. Kwanza mgonjwa aliingia, akasimama katikati ya chumba, na Prof akamwambia, "Nisalimie sawa vile unasalimiaka mukwe yako."

Watu wenye asili ya kaskazini ya Katanga wataelewa bila maelezo. Unapomsalimia mkwe, au mzee wa heshima, unakunja magoti na kushuka, unapiga makofi polepole, unangoja akupokee, ndipo unainuka. Mwanamke hushuka zaidi, mwanamume kidogo, lakini kila mmoja anashuka na uzito wake wote, na hathubutu kuharakisha. Wakati mgonjwa anashuka, Prof alikuwa ameshazunguka nyuma yake, amechuchumaa, anatazama goti. Ukimwambia mtu akunje mguu, ataukunja kwa uangalifu, atauma meno, atakuficha. Ukimwambia amsalimie mkwe, analisahau goti na kumfikiria mkwe. Nimeona akina mama waliodai hawana shida kubwa, na goti likaondoka pembeni mbele ya macho yetu wakiwa bado wanapiga makofi.

"Muntu anadanganya juu ya goti yake," Prof alituambia. "Si ubaya. Anaogopa kisu. Donc usimuulize. Angalia."

Alikuja mama mmoja tajiri, amejaa dhahabu shingoni, akasema yeye watu anawasalimia kwa mkono. Prof alivua miwani, akaifuta, akamwambia, "Basi rudia ku nyumba na goti yako, mama. Miye sitalifungua lenye sijaona." Mama yule alitoka akinung'unika mpaka kwenye gari. Baada ya siku chache alirudi, akashuka, akapiga makofi, na goti lake lilikuwa baya kuliko tulivyodhani. Prof aliisimulia hadithi hiyo mara nyingi, kila mara akicheka mpaka anakohoa.

Hakuwa mtu rahisi. Aliwapigia kelele wauguzi kwa kosa dogo, halafu utamkuta kwenye korido akimshikia mgonjwa bakuli la uji. Aliwakataza wagonjwa kunenepa, na yeye akila michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, mpaka mafuta yanamtiririka kwenye viwiko. Jumapili alikaa kanisani benchi la mbele na alisinzia mahubiri yote. Lakini yeye hakumdanganya mgonjwa. Hilo niliwahi kuliapia mbele ya watu. Ukweli ukiwa mchungu aliusema mchungu, akabaki pale amekaa mpaka mtu amalize kulia.

Mfano ni yule mama wa Kipushi, mchuuzi aliyevuka mpaka kila wiki akinunua vitenge upande wa Zambia. Goti lake la kwanza lilikuwa limewekwa kwingine na lilimtoka hata akiwa amesimama tu. Prof alimtazama akisalimia mara moja tu, akaniambia kwa sauti ndogo kamba zimekwisha zote, leteni bawaba. Siku ya kumruhusu aende nyumbani, alivuta kiti karibu na kitanda chake, akamwekea mkono kwenye paja, juu kidogo ya goti.

"Mama, hii charnière itakubeba. Utatembea, utaenda ku misa, utaenda ku soko. Lakini itakuwa natikisa mufupa, polepole. Siku moja utasikia maumivu hapa mu paja, wakati unaanza kutembea, hatua za kwanza. Halafu itapita, utasema ni baridi. Haiko baridi. Siku ile, kuja mbio."

"Na nikikuja, Papa Dokta?"

"Tutarudilia. Itakuwa kazi ya nguvu, mais tutarudilia."

Mama alimshukuru, na sisi sote tulijua kwamba ahadi hiyo ilikuwa na mtu wa kuitimiza. Kila mwaka alirudi kuonyesha mguu, na kila mwaka alipiga magoti kumsalimia Prof ingawa Prof alimkataza kabisa kupiga magoti. Walibishana juu ya hilo mpaka korido yote ikacheka.

Wakati huo Prof mwenyewe alikuwa na goti la chuma, na sisi hatukujua. Aliwekewa ng'ambo, zamani, mara ya kwanza na kwa kigingi kidogo. Tulianza kushangaa alipoacha kuchuchumaa nyuma ya wagonjwa. Alinituma mimi nichuchumae, yeye akisimama ameegemea dawati. Alisema ni viatu. Alibadilisha viatu. Halafu akaanza kushika ukingo wa meza ya upasuaji, na mwisho akaomba kiti kirefu, akasema ni uzee, kana kwamba uzee ulikuwa umeingia mguu mmoja tu.

Siri ilifichuka yenyewe asubuhi moja ndani ya bloc. Tulikuwa tunapima goti la mgonjwa, limekunjwa nusu, na Prof akageuka kuchukua kitu. Nilisikia vyombo vikimwagika kwenye sakafu na nilipotazama yeye alikuwa chini, kati ya vyombo, kofia imemfunika jicho moja. Muuguzi alimkimbilia. Prof alimsukuma kwa mkono.

"Muache miye. Mubadilishe vyombo. Endelea, Mademoiselle."

Niliendelea. Wakamtoa wakimbeba mabegani, na hakushika kisu tena tangu siku hiyo. Toka hapo alitaka kitu kimoja tu duniani, kurudi kusimama mbele ya meza ile. Alikisema kila nilipomtembelea. Hakutaka pensheni, hakutaka medali, hakutaka kwenda kwa watoto wake ng'ambo. Alitaka goti litakaloweza kumsimamisha wima kwa muda wa upasuaji mmoja mrefu.

Ilibidi arudiwe. Alimchagua daktari kijana kati ya wanafunzi wake, mdogo wangu katika kazi, na hakunichagua mimi. Nafikiri ni kwa sababu yule hakuwa na mazoea ya kumjibu. Tulikusanyika kwenye chumba cha kupimia, chumba chake mwenyewe, yeye amekaa kwenye kiti cha wagonjwa. Picha zilikuwa ukutani. Kila mtu alizitazama picha ili asimtazame yeye.

Daktari kijana alisogea. "Prof, tunaweza kushika goti kidogo?"

"Shika."

Aligusa. Naona bado vidole vile, vilivyokuwa vikiligusa kama yai. Hakuvuta pembeni, hakukunja na kusukuma, mambo ambayo Prof alitufundisha tuyafanye kwa mikono miwili na bila huruma. Nani atavuta mguu wa mzee wake mbele za watu mpaka apige yowe? Hapo nikasema mimi.

"Prof, tusalimie."

Muuguzi mkuu aliinamisha kichwa. Nilijua nimesema nini. Mzee hashuki mbele ya mtoto. Mkwe ndiye anayesalimiwa, na katika chumba kile hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye Prof angeweza kumshukia. Wote tulikuwa watoto wake. Kile kipimo chake kizuri, kilichomfichua kila mgonjwa, hakikuwa na njia ya kumfikia yeye.

Alinitazama. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Mademoiselle. Nimusalimie nani hapa?"

Wote wakacheka, kwa kushukuru. Prof aliweka kiganja chake juu ya goti, akalibonyeza pembeni mwenyewe, akasema kano ziko, zimelegea kidogo tu, kigingi kinene kitatosha. Daktari kijana akauliza kama tuombe pia sanduku la bawaba, likae kwenye korido, kama sheria inavyosema.

"Charnière ya nini? Munataka kuharibu mufupa yangu mbele ya wakati? Kamba iko. Niko nasema iko."

Mtu aliyetufundisha tusiamini neno la mgonjwa alitaka tuamini lake, na likaaminiwa. Sanduku la kigingi ndilo lililoombwa, peke yake. Nilibishana naye siku mbili, nyumbani kwake, mpaka mke wake akanipeleka jikoni kunipa chai na kunituliza. Hakusikia.

Siku ya upasuaji nilisimama upande wa pili wa meza. Goti lilifunguliwa, chuma cha zamani kikatoka, na pale ambapo kamba ya upande wa ndani ilipaswa kuwa palikuwa na kovu jeupe, jembamba, unalisukuma kwa kidole linakunjamana. Daktari kijana aliinua macho kunitazama. Bawaba ilikuwa nchi nyingine na Prof alikuwa amelala hapa, mguu wazi. Tukaweka kigingi kinene, na kati ya vyuma sahani ya plastiki nene kuliko zote zilizokuwa ndani ya sanduku. Tukapima. Likiwa limenyooka, lilishika. Nusu, lilishika. Tulipolikunja hadi mwisho, lilifunguka upande wa ndani kama mdomo. Tuliujaribu kila unene, likafunguka. Mwisho tukashona jeraha, na hakuna aliyesema iko muzuri.

Alitembea na fimbo mwezi na kitu, akafurahi, akaanza kuuliza habari za ratiba ya bloc. Siku moja alikuwa anageuka jikoni kwake kuchukua chumvi, kigingi kikaruka kutoka mahali pake. Tukakirudisha. Kikaruka tena. Jeraha likafunguliwa tena, likaingia usaha, na ikabidi tutoe kila kitu na kuweka bonge la saruji ya mifupa mahali pa goti, lenye dawa ndani, mpaka usaha uishe na bawaba ifike. Usaha uliisha. Bawaba haikufika. Waliokuwa wakituazima walisema hawatumi tena huku, kwa sababu ni Prof waliyekuwa wakimjua na Prof hakuwa kazini tena. Nilipiga simu kama alivyokuwa akipiga, nikirudia kila neno. Walinisikiliza kwa adabu. Masanduku mengine pia yakaacha kuja, moja baada ya jingine, na kazi ya magoti ikafa pale hospitalini bila mtu kutangaza kwamba imekufa. Daktari kijana alipata nafasi ng'ambo, akaenda. Mimi siku hizi naunganisha mifupa ya watu walioanguka na pikipiki.

Mwisho Prof mwenyewe alisema tumfunge. Tuliondoa saruji, tukaunganisha paja na muundi kwa chuma kimoja kirefu, na mguu ukawa kitu kimoja kutoka nyonga hadi kisigino, haukunjiki tena mpaka kaburini. Alikuwa ameyatumia maisha yake ili magoti yakunjike bila kuanguka. Nilipokaa naye baada ya upasuaji huo alisema jambo ambalo sikulitazamia kutoka kwake.

"Nilijua kama kamba haiko. Nilikuwa nasikia inafunguka kila nikiinuka. Nimeogopa charnière, Mademoiselle. Nimezitoa mingi sana mu bantu, najua vile zinatokaka."

Nilitaka kumpiga. Nilimfunika shuka miguuni, nikaenda kulia kwenye gari.

Mara ya mwisho kukaa naye kwa muda ilikuwa kiangazi hiki, ambacho kwetu ni majira ya vumbi na baridi, mchana, nyumbani kwake mtaa wa Hewa Bora. Vumbi jekundu lilikuwa limekaa juu ya kila kitu. Alikuwa barazani kwenye kiti, mguu umenyooshwa mbele yake juu ya kigoda, na kila aliyepita alipaswa kuuzunguka. Alikuwa amekonda. Bawaba ya mlango wa stoo ilikuwa kwenye dirisha, karibu na dawa zake, na mlango wa stoo bado umefungwa kwa kamba ya kiatu. Tuliongea juu ya bei ya unga na juu ya watoto wangu. Habari za hospitali hakuniuliza.

Mama wa Kipushi akaingia getini. Alikuwa amebeba kichwani beseni la samaki wakavu lililofunikwa kitenge, amesikia Papa Dokta anaumwa. Alitua beseni, na kabla Prof hajainua mkono kumkataza, alikuwa ameshashuka. Magoti yote mawili, chini kwenye saruji, akipiga makofi polepole, ameinamisha kichwa. Prof hakumtazama usoni. Shingo yake ilisogea pembeni, jinsi ilivyokuwa ikisogea zamani, akalitazama goti. Na mimi nililitazama.

Lilikuwa imara. Halikuyumba hata kidogo, bawaba ile aliyoiweka yeye. Prof alimpokea, mama akainuka kwa kushika ukuta, akapiga hatua ya kwanza kuelekea kiti, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye paja, juu kidogo ya goti, ukakamata pale. Hatua ya pili, bado umekamata. Ya tatu, ya nne, akauachilia, akatembea vizuri kabisa, akaketi.

Prof alikuwa ameona. Vidole vyake vilikuwa vimeshika mkono wa kiti.

"Nasikiaka kidogo hapa," mama akasema, akitabasamu, akijigusa paja. "Wakati naanza kutembea. Ni hii baridi ya asubuhi. Halafu inapita." Akangoja. Hakuwa amesahau maneno ya siku ile, niliona kwamba hakuwa ameyasahau, ndiyo sababu alikuwa ametoka Kipushi na beseni lile. "Papa Dokta, iko muzuri?"

Mke wa Prof alitoka na maji, akamkabidhi mama kikombe, akarudi ndani. Prof alimngoja mama anywe.

"Iko muzuri, mama," akasema. "Usibebe mizigo nguvu. Iko muzuri."

Mama alishusha pumzi. Akaanza kusimulia habari za mpakani, na Prof akatikisa kichwa mahali panapostahili, na hakunigeukia hata mara moja. Mama alipoinuka kwenda kumuaga mke wa Prof ndani, nilimtazama Prof. Sijui uso wangu ulikuwaje.

"Usiniangalie vile," akaniambia. "Ningemutuma ku nani?"

Alinyoosha mkono dirishani, akaichukua bawaba, akaifungua na kuifunga mara kadhaa, akairudisha.

Nilimsindikiza mama mpaka barabarani kutafuta pikipiki. Alitembea mbele yangu na mkono wake ukienda pajani kila tuliposimama na kuanza tena. Pikipiki ilipokuja, alinishika kiwiko kabla ya kupanda.

"Docteur, na weye umeona? Papa Dokta sasa ni muzee, macho imechoka. Sema weye. Iko muzuri?"

Nikamwambia iko muzuri.